Karatasi Nayo ni Fani: Uhakiki wa Picha za Babu Zinazochapwa Upya Ifakara

Tulipokuwa kidato cha tatu tulifundishwa kwamba kila kazi ya sanaa ina fani na maudhui. Walimu wengine walisema fani ni kikombe na maudhui ni chai iliyomo ndani. Wengine walikataa katakata, wakasema fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja: ukikwangua upande mmoja, sarafu yote haipokelewi dukani. Ubishi huo tumeusikia kwenye riwaya, tamthiliya na ushairi mpaka masikio yamezoea. Sijaona mtu akiupeleka sebuleni, ukutani, pale inapotundikwa picha ya babu na bibi. Basi leo naupeleka mimi.

Kazi ninayoihakiki haina mwandishi wala mchapishaji. Ni zile picha za zamani, nyeusi na nyeupe, ambazo siku hizi watu wa Ifakara na bonde zima la Kilombero wanazipeleka steshenari zikapigwe skani, zikuzwe, na kutolewa upya kwa printa ya wino. Msomaji anaweza kuuliza: hii nayo ni fasihi? Mimi najibu kwamba ni kazi inayosomwa kuliko riwaya yoyote ninayoijua. Nyumba isiyo na kitabu hata kimoja ina picha tatu ukutani, na mgeni akishakaa na kupewa maji, simulizi inaanzia hapo. Kazi inayosomwa kiasi hicho inastahili mhakiki.

Hoja yangu ni fupi. Karatasi nayo ni fani. Anayechagua karatasi, na wino wa kuendana nayo, anaamua babu atasema nini na atasema kwa muda gani. Kwa sasa uamuzi huo tumemwachia muuza duka, naye anachukua pakiti iliyo karibu na mkono.

Maudhui

Nachukua mfano ulio karibu nami. Babu yangu mzaa mama alipigwa picha hapa Ifakara mwaka 1973. Amekaa kwenye kiti, rafiki yake amesimama nyuma na mkono ameuweka begani kwake. Wote wamevaa mashati meupe, na saa wamezigeuza makusudi ili zionekane. Wakati huo reli ya TAZARA ilikuwa inajengwa (kazi ilianza 1970 ikakamilika 1975) na wao walikuwa vibarua upande wa Mlimba. Picha yenyewe ni ndogo, haizidi kadi ya posta. Dhamira haihitaji mwalimu: vijana wawili wanawaambia wazee nyumbani kwamba kazi ipo, afya ipo, na hela kidogo ipo.

Lakini maudhui hayaishii mbele. Geuza picha. Nyuma kuna mhuri wa studio uliofifia, na chini yake mwandiko wa penseli: neno Ukumbusho, mwaka, jina la rafiki, na neno Mlimba. Kwa mtazamo wangu nusu ya kazi iko mgongoni. Bila maandishi yale, aliyesimama ni kijana tu mwenye saa. Hakuna mtu aliye hai katika ukoo wetu anayelijua jina lake kwa kichwa. Linajulikana kwa sababu penseli iliandika.

Mwaka 2019 mjomba aliipeleka picha hiyo steshenari moja mjini. Ikakuzwa ikawa saizi ya A4, kwenye karatasi ya glosi. Ilitoka inang'aa, na waliokuja msibani mwaka ule waliisifu sana. Leo nyeusi yake imegeuka kahawia yenye wekundu, uso wa babu unafanana na tofali lililochomwa, na ukiigeuza nyuma hukuti kitu, ni weupe mtupu wa plastiki. Ile ndogo ya 1973 bado ipo, kijivu chake ni kilekile, isipokuwa kona moja iliyoliwa na mende. Nakala imezeeka kabla ya mama yake! Hapo ndipo mhakiki anapopaswa kuuliza kwa nini.

Fani ya zamani: fedha na maji

Picha ya 1973 ilitengenezwa kwa fedha, yale madini yenyewe. Juu ya karatasi kulikuwa na utando wa jelatini wenye chumvi za fedha. Mwanga ukigusa na dawa ikafanya kazi yake, chumvi inageuka kuwa chembe nyeusi za fedha, na chembe hizo ndizo nywele za babu na kivuli cha kiti. Kisha picha inatiwa kwenye dawa ya kuondoa chumvi ambayo haikuguswa na mwanga, na mwisho inaoshwa kwa maji mengi. Waswahili tukasema kusafisha picha. Neno hilo lina ukweli wa kitaalamu ndani yake: fundi aliyebana maji, picha zake zilipata umanjano na kufifia, aliyesafisha kweli, picha zake zinaishi. Pale Mji Mkongwe, Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaendeleza kazi hiyo. Sura za watu waliosafishwa kwa fedha namna hiyo zimevuka karne zikiwa bado sura za watu.

Sisemi fedha haina adui. Jelatini hunywa unyevu, huota ukungu, na ikibanwa kwenye kioo wakati wa masika hunata hapohapo. Ila kwa bonde letu ni mzee aliyezoea shida.

Fani ya sasa: wino

Printa ya wino haihitaji giza wala dawa. Inarusha matone madogo mno kwenye karatasi, basi. Siri iko ndani ya tone. Kuna wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa, kama sukari kwenye chai. Kuna na wino wenye chembe ngumu zinazoelea, kama vumbi la mkaa kwenye maji. Huu huitwa wino wa pigimenti. Rangi iliyoyeyuka husimama peke yake mbele ya mwanga na hewa, haina pa kujificha. Chembe ya pigimenti ikishambuliwa, huumia juu, ndani inabaki nzima. Na nyeusi ya pigimenti kwa kawaida ni kaboni, yaani masizi, ndugu wa yale yanayoganda chini ya sufuria. Wamisri na Wachina wa kale waliandika kwa masizi na maandishi yao yanasomeka mpaka leo.

Hapa ndipo picha nyeusi na nyeupe inakuwa mtihani mgumu kuliko ya rangi. Printa nyingi za bei ya chini hazina wino wa kijivu. Kijivu wanakipika kwa kuchanganya samawati, majenta na njano. Mmoja katika hao watatu akichoka kabla ya wenzake, mchanganyiko unayumba. Samawati ikitangulia kuondoka, babu anakuwa mwekundu. Kwenye picha ya rangi jicho linasamehe, maana nani anakumbuka gauni la harusi lilikuwa jekundu kiasi gani? Kijivu hakisamehewi. Kikishaingiwa na rangi, hata mtoto wa darasa la pili anaona kuna kitu kimeharibika. Kwa sababu hiyo watengenezaji walianza kuweka kijivu cha kweli ndani ya printa za wapiga picha. Epson, kwa mfano, walitoa wino wao wa K3, wenye ngazi tatu za nyeusi, mwaka 2005. Printa za namna hiyo ni ghali, si mchezo.

Fani ya sasa: karatasi

Tuzitazame karatasi zenyewe, moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni ile glosi ya dukani. Katikati ni karatasi, mbele na nyuma imevikwa plastiki, na juu kabisa kuna tabaka la vitundu vidogo visivyoonekana. Vitundu hunywa wino mara moja, picha inatoka kavu, mteja analipa anaondoka. Ndiyo maana duka linaipenda. Lakini kitundu kinachonywa wino kinapitisha na hewa. Mwaka 2000 Epson walitoa printa za Stylus Photo 870 na 1270 wakitangaza kwamba picha zake zitadumu miaka kumi. Baadhi ya wanunuzi waliziona zikigeuka rangi ya chungwa baada ya wiki au miezi tu. Upimaji wa mwanga haukuwa umedanganya. Aliyefanya kazi ile alikuwa ozoni, gesi iliyomo kwenye hewa ya kawaida, ambaye aliingia kupitia vitundu na kuila samawati. Nikiitazama picha ya mjomba naiona hadithi ileile, imechelewa tu kufika Kilombero.

Ya pili ina tabaka linalovimba. Wino ukifika linavimba, linaufunika, na hewa haiupati kirahisi. Kwa nchi kavu ni karatasi nzuri. Kwa watu wanaoishi kati ya milima ya Udzungwa na mto Kilombero, hapana. Ikilowa tabaka linalainika na picha inatembea. Waliokuwepo hapa kwenye mvua za 2024, mto Lumemo ulipoingia mitaani, hawahitaji maelezo zaidi.

Ya tatu ni barita: karatasi ya nyuzi iliyopakwa bariamu salfeti, unga mweupe uleule uliokuwa chini ya picha nyingi za fedha. Siku hizi zipo zilizotengenezwa kwa printa za wino. Nyeusi yake ina kina, na mng'ao wake ni wa wastani, haupigi kelele.

Ya nne ni karatasi ya pamba isiyong'aa. Pamba ni selulosi karibu tupu. Haina ile lignini ya miti inayofanya gazeti liwe njano likiachwa juani. Nyeusi yake ni ya upole kidogo, na ikikwaruzwa inaonekana, lakini haihitaji plastiki kujikinga. Zipo pia za miti iliyosafishwa mpaka ikabaki selulosi tu, nazo ni nzuri. Nasikitika kusema hakuna kati ya hizi inayotoka nyumbani. Kiwanda cha Mgololo, kule Mufindi juu ya bonde letu, kinatengeneza karatasi kwa miti, lakini hasa za vifungashio.

Kuna hila mbili za kuangalia. Moja ni weupe uliozidi. Karatasi nyingi hutiwa dawa ya kung'arisha, inayofanya kazi kama bluu kwenye shati la shule: inavutia kwa sababu inarudisha mwanga wenye ubuluu. Dawa hiyo huchoka, na karatasi inarudi kwenye rangi yake ya asili. Karatasi yenye weupe wa maziwa tangu mwanzo haina pa kushuka. Hila ya pili ni uzito. Muuzaji atakwambia hii ni gramu nyingi, ni ngumu, itadumu. Uzito si uhai. Plastiki nzito ni plastiki.

Miaka mia ya nani?

Kwenye pakiti nyingine utaona ahadi: miaka 60, miaka 100, miaka 200. Mimi ninaposoma hekaya yoyote huuliza mandhari yake ni wapi. Mmarekani Henry Wilhelm, aliyetoa kitabu kikubwa kuhusu udumu wa picha za rangi mwaka 1993, ana maabara inayojulikana kwa kupima mambo haya, na masharti yake yako wazi: picha iko nyuma ya kioo, inapata mwanga wa lux 450 kwa saa 12 kila siku, joto ni nyuzi 24, unyevu ni asilimia 60. Niliposoma masharti hayo nilicheka peke yangu. Ni nyumba ya nani hiyo Ifakara? Hapa dirisha ni nondo na wavu. Masika ukuta unatoa jasho. Moshi wa mkaa unapita sebuleni ukielekea nje, na vumbi la barabarani linaingia bila hodi.

Sisemi wapimaji ni waongo. Wamesema ukweli wa nyumba nyingine. Tena wanapima ndoa, hawapimi mtu mmoja: wino fulani juu ya karatasi fulani. Wino wa kujaziwa kwa sindano kutoka kwenye chupa isiyo na jina, juu ya karatasi ya pakiti nyingine, hauna miaka yoyote iliyoahidiwa na mtu yeyote.

Kufaulu na kutofaulu

Mhakiki asiyetaja mazuri ni mchongezi. Nakala hizi zimefaulu mambo mawili. Kwanza zimeongeza wasomaji: picha moja iliyokuwa kabatini kwa shangazi sasa iko kwa wajukuu saba. Pili, zinaokoa. Jirani zetu walipoteza kila kitu kwenye maji ya 2024. Picha pekee ya marehemu mama yao iliyobaki ilikuwa nakala waliyompa binti yao aliyeolewa Mikumi. Hata kama ilikuwa glosi, iliokoa uso wa mtu.

Zimeshindwa mambo matatu. La kwanza ni kijivu, nimeshalieleza. La pili ni ukubwa. Kukuza picha ni kuiandika upya. Picha za Seydou Keïta wa Bamako, zilizopigwa kati ya miaka ya 1940 na 1960, wateja wake walizichukua zikiwa ndogo, za kushika mkononi. Zilipofika kwenye kumbi za Ulaya miaka ya 1990 zilitolewa upya kubwa sana, nyeusi ikiwa nyeusi tititi, na wahakiki wakauliza kama hiyo bado ni kazi ya Keïta au ya waliozichapa. Swali hilohilo naliuliza kwa babu. Picha ya mkononi ilikuwa barua. Ya A4 yenye kung'aa imekuwa tangazo.

La tatu ndilo kubwa: mgongo. Skani hupiga mbele tu. Na hata ungetaka kuyanakili maandishi ya nyuma kwenye nakala, plastiki inakataa: penseli inateleza, kalamu inapakaa vidole. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ukoo nao ni mali. Nimeona nyumba ambazo, baada ya kupata nakala inayong'aa, ile ndogo "iliyochakaa" ilitupwa au watoto waliichezea. Wametupa daftari wakabaki na jalada. Miaka michache mbele nakala itafifia, na hapo hapatakuwa na uso wala jina. Hili kwangu ni sawa na kuchoma muswada baada ya kupata toleo lenye makosa.

Tufanye nini?

Kwanza, ile ya zamani isiondoke nyumbani isipokuwa kwa skani, na ikirudi ikae kwenye bahasha ya karatasi, mahali pakavu, juu kuliko maji yanapofika. Mwambie kijana wa duka apige skani pande zote mbili. Bei ya upande wa nyuma ni ileile.

Pili, ukichagua karatasi uliza maswali matatu. Kijivu kitabaki kijivu? Itavumilia masika? Itakubali jina langu mgongoni? Majibu yote matatu yanaelekea upande mmoja: wino wa pigimenti, karatasi ya pamba au ya nyuzi, isiyo na plastiki na isiyo na weupe wa bluu. Iwe ndogo kama ilivyokuwa. Karatasi ndogo nzuri bei yake inakaribia kubwa mbaya. Kwenye fremu weka ukingo wa kadibodi ili picha isiguse kioo, na iache ukuta wenye jasho kwa nafasi ya kidole. Laminesheni naikataa: ukishaichoma plastiki juu ya uso wa mtu, huwezi kuitoa.

Tatu, kwa asiye na uwezo wa hayo, nina pendekezo litakalowaudhi wapenda glosi. Nenda ukatoe picha kwenye mashine ya leza, ile ya fotokopi, kwa nyeusi peke yake, kwenye karatasi nzuri ya ofisini. Unga wake mweusi ni kaboni iliyoshikwa na plastiki na kuyeyushwa kwenye karatasi. Haujui ozoni wala jua la mchana. Utapoteza vijivu vya katikati; mashavu ya babu yatakuwa na nukta nukta kama picha ya gazeti. Lakini kijivu chake hakitageuka chekundu, na nyuma yake penseli inaandika vizuri kabisa.

Jarida hili unalolishika, ndugu msomaji, limetoka kwa njia hiyohiyo. Huenda ukurasa huu wa fotokopi ukaishi kuliko picha inayong'aa sebuleni kwako, nami sioni fahari katika hilo. Mwenye hoja ya kuipinga hii yangu na aandike, nafasi ipo toleo lijalo. Kabla ya kushika kalamu, aende kwanza akageuze picha zake ukutani aangalie mgongoni kumeandikwa nini. Kama hakuna kitu, na mzee anayewajua waliomo bado yu hai, aanze na hilo. Majibu kwangu yanaweza kusubiri.